Damu Yetu, Daftari Lao

Tangazo la mwaka 2012 mlilisikia, na makofi yake mliyasikia pia. Mkuu wa kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline wakati huo, Andrew Witty, alisema huko London kwamba kampuni yake ingewafungulia watafiti takwimu za kina za majaribio ya dawa zake. Jopo huru lingepokea maombi na kuamua nani apewe. Lilikuwa jambo jema, lakini makofi yaliwahi mno.

Julai ya mwaka huo huo wa 2012, kampuni hiyo hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 3 nchini Marekani. Miongoni mwa makosa iliyoyakiri ni kutoiarifu mamlaka ya dawa baadhi ya taarifa za usalama wa Avandia, dawa ya kisukari. Na hatari ya Avandia aliianika nani? Ni daktari wa moyo wa Cleveland, Steven Nissen, mwaka 2007. Alikusanya majaribio 42, na hesabu yake ikaonyesha hatari ya mshtuko wa moyo ikipanda kwa asilimia 43. Mengi ya matokeo hayo aliyakuta kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, ambayo iliyaweka hapo baada ya kushtakiwa New York mwaka 2004. Bila kesi ile, angeyaona wapi?

Sasa tuje kwetu. Chanjo ya malaria ya kampuni hii ilijaribiwa Korogwe, Bagamoyo, Kilifi, Siaya. Watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Mama asiyejua kusoma alisomewa fomu mbele ya shahidi, akachovya kidole gumba kwenye wino, mwanawe akachomwa sindano, akatolewa damu. Damu yetu, daftari lao.

Tusimwonee mtu: watafiti wa taasisi za Ifakara, NIMR na KEMRI walikuwamo ndani ya jaribio hilo, na kazi yao ni ya kusifiwa. Tunayemtetea ni mhadhiri wa Muhimbili au Makerere ambaye hakuwamo, na anataka kupiga hesabu upya. Huyo alitakiwa aandike barua, asubiri jopo. Jopo liliteuliwa na nani? Damu yetu, daftari lao!

Tutaambiwa takwimu hizo ni siri ya mgonjwa. Siri yake ni jina na kijiji chake. Hayo yafutwe, nani amekataa? Homa ilipanda siku ya ngapi, mtoto alipata degedege au hakupata, hayo ni haki ya kila mtafiti kuyajua.

Wajumbe wa kamati za maadili, kibali cha majaribio mnakitoa ninyi! Kabla ya kugonga muhuri, andikeni humo tarehe ya kufungua takwimu kwa watafiti wa Afrika Mashariki, matokeo yawe mazuri, yawe mabaya. Kampuni isiyotaka, inyimwe kibali. Nawe mzazi, uliza ni nani mwingine atakayeruhusiwa kuyaona majibu ya damu ya mwanao. Uliza kabla hujachovya kidole.