Kwa Nini Skrini ya Kompyuta Hufifia

Ingia saiba yoyote kongwe ya Kayole, Umoja au Buruburu jijini Nairobi utazame skrini zilizopangwa ukutani. Moja inang'aa, jirani yake imefifia, na weupe wake umegeuka kuwa umanjano. Hata mwangaza ukipandishwa hadi mwisho, haikolei. Mwanga umeenda wapi?

Tuanze na skrini bapa za miaka ya 2000, nyingi zikiwa zimetumika ng'ambo kabla ya kutufikia. Kioo chake hakitoi mwanga. Hufanya kazi ya pazia, kupitisha au kuzuia. Mwanga wenyewe hutoka kwenye taa nyembamba za mrija zilizofichwa nyuma yake au kingoni. Ndani ya mrija mna mvuke wa zebaki. Umeme ukipita, mvuke huo hutoa miale isiyoonekana, nayo fosfori iliyopakwa ndani huigeuza kuwa mwanga. Kadiri miaka inavyopita, fosfori huchoka, zebaki hunasa kwenye kuta za mrija, na ncha zake hulika na kuwa nyeusi.

Kwa kawaida taa hizi hukadiriwa kubaki na nusu ya mwanga baada ya saa 25,000 hadi 50,000. Saiba ikiwasha skrini saa 12 kila siku, saa 30,000 hutimia kabla ya miaka saba. Na skrini ya mtumba huwa imeshakula sehemu ya umri wake ofisini ilikotoka.

Skrini za LED nazo hufifia, hasa kwa joto. Kwa hivyo punguza mwangaza ufikie kiasi kinachotosha macho, na uizime skrini usipoitumia.

Skrini ikiwa giza kabisa huku kompyuta inafanya kazi, mulika kioo kwa tochi ya simu, kwa upande. Ukiona maandishi kwa mbali, kioo ni kizima. Tatizo liko kwenye taa au umeme wake. Mpelekee fundi kabla ya kununua nyingine.

Ikishindikana, tafadhali usiivunje wala kuiacha ifike jaa la Dandora. Mirija ina zebaki, na vioo vya zile skrini nene za zamani vina risasi. Wanaochokora taka, wakiwemo watoto, ndio hudhurika kwanza. WEEE Centre, huko Utawala, hupokea taka za kielektroniki. Ipeleke huko ikiwa nzima.