Gari la mchana na gari la usiku



Juma hili naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi hapa Mwanza hulifikiria kimya kimya, mtu na mwenzi wake chumbani, na aghalabu huliamua kabla ya kulipigia hesabu. Nalo ni hili: kununua gari, au kuendelea kuishi bila gari.

Sisemi na tajiri wa samaki, wala na mwenye dhahabu ya Geita, wala na kigogo ambaye tangi lake hujazwa na serikali. Hao wana hesabu zao. Nasema na mwalimu, muuguzi, karani, na mwenye biashara ndogo pale Mlango Mmoja. Mtu wa namna hii yuko mbioni kukopa shilingi milioni kadhaa, benki au katika chama chake cha akiba na mikopo. Kiwanja anacho, huko Buswelu au Kisesa, na juu ya kiwanja kile upo msingi wa nyumba unaoota majani. Swali lake ni kama fedha ile iende kwenye bati au kwenye magurudumu manne.

Kwanza tukubaliane kwamba tamaa ya gari si ujinga. Fika kwa miguu kwenye geti la ofisi yoyote kubwa, mlinzi atakuuliza unatoka wapi na unamtaka nani. Fika na gari, hata likiwa mkweche unaotoa moshi, geti litafunguliwa na saluti utapigiwa. Ukweni ni hivyo hivyo. Anayemlaumu kijana kwa kutaka gari amlaumu pia yule mlinzi, na atulaumu sisi sote tuliomfundisha mlinzi huyo kazi yake.

Tena hamu hii ina historia. Wazee wetu waliwaita wenye magari ya kifahari "wabenzi", na neno hilo halikuwa la sifa. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, nchi ilipoishiwa fedha za kigeni na mafuta yakawa ya kupimiana, ilifika wakati ikapigwa marufuku kutembeza gari binafsi alasiri ya Jumapili bila kibali. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, na kidogo kidogo gari lililokwisha tumika Japani, ambako nao huendesha kushoto kama sisi, likawa kitu ambacho hata karani angeweza kukiota. Watu walionyimwa kitu kwa miaka mingi hawakiangalii kwa jicho la hesabu kinapofika.

Basi tuhesabu sisi.

Bei anayoionyesha mwuzaji wa Japani ni nusu ya habari. Gari likifika bandarini lina ushuru wa forodha, lina ushuru wa bidhaa, lina kodi ya ongezeko la thamani, na likiwa limezidi miaka 10 lina ushuru mwingine wa asilimia 30 kwa kosa la uzee tu. Mtu wa kipato cha kawaida hununua gari la zamani kwa sababu ndilo analoliweza, na hilo ndilo linalopigwa zaidi. Ukijumlisha yote, kodi inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe pamoja na nauli ya meli. Kisha liendeshwe zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam hadi hapa. Mafuta yake nayo husafiri mwendo huo huo, ndiyo maana bei elekezi ya EWURA kwa Mwanza huwa juu kuliko ya Dar.

Hayo ni ya siku ya kwanza. Sasa ya kila siku. Tuseme unaishi kilomita 10 kutoka kazini, gari lako hula lita moja kwa kilomita 10 katika foleni na milima yetu, na lita tuifanye shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Kwenda na kurudi ni lita mbili, yaani shilingi 6,000. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 156,000. Daladala je? Desemba 2023 LATRA iliipandisha nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki kwenye 200. Kwa nauli hiyo, mtu mmoja anayepanda gari moja kwenda na moja kurudi hutumia shilingi 31,200 kwa mwezi. Ni moja ya tano.

Hapo mwenye gari atanijia juu, na ana haki. Atasema yeye hayuko peke yake. Yuko mkewe, wako watoto wawili wa shule, na yeye na mkewe kila mmoja hubadili gari njiani, maana daladala ya kwao haifiki kazini. Haya, na hilo tulihesabu. Watu wazima wawili, safari nne kila mmoja kwa siku, ni shilingi 124,800 kwa mwezi. Watoto wawili kwa siku 22 za shule, shilingi 17,600. Jumla 142,400. Kumbe imekaribia sana ile 156,000! Na hapo hatujazungumzia konda anayefunga mlango akiona sare ya shule, kwa kuwa kiti cha 200 kinaweza kukaliwa na mtu wa 600. Najua wazazi walionunua gari kwa sababu ya konda huyo tu, na sioni kwa nini nisiwaelewe.

Lakini ile 156,000 ni petroli peke yake. Bado bima, bado matairi, bado fundi ambaye hubadilisha kifaa kimoja leo na kugundua kingine kesho, bado maegesho ya mjini na kijana wa kuosha. Tena hesabu ile inadhani kwamba baba, mama na watoto wote wanaelekea upande mmoja saa moja asubuhi. Mama akifanya kazi Igoma na baba Kirumba, gari ni la mmoja, mwingine anarudi kituoni.

Nawaomba tusimame hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Msikilize mtu anapomshawishi mwenziwe wanunue gari. Hatasema: nimechoka kubanana kwenye hiace. Atasema: mtoto akiugua usiku tutafanyaje? Mama yetu mzee tutampelekaje Bugando? Hoja inayoshinda ni ya usiku. Gari linanunuliwa kwa ajili ya usiku. Kesho yake asubuhi linaanza kazi ya mchana, ile ambayo daladala huifanya kwa 600, na mshahara unaliwa na kazi hiyo. Tarehe 20 ya mwezi mtoto anapochemka homa saa nane usiku, gari lipo nje, taa ya mafuta inawaka nyekundu, betri imechoka, na baba anapiga simu kumtafuta dereva wa bajaji.

Kwa hiyo, kabla hujasaini mkopo, chukua daftari. Usiandike safari za kazini, hizo tayari zina gari. Andika zile safari za mwaka uliopita ambazo hazikuweza kusubiri, au ambazo usafiri wa umma haukuweza kuzibeba: mgonjwa wa usiku, mzee anayehudhuria kliniki kila juma, mtoto mwenye ulemavu, mzigo wa biashara, shamba la Misungwi wakati wa mavuno. Kama zimejaa ukurasa, nunua gari na usiogope maneno ya watu. Kama ni nne au tano, umekaribia kukopa mamilioni kwa ajili ya safari tano.

Na ukinunua kwa ajili ya usiku, liache liwe la usiku. Kuna jambo ambalo wengi hawakuligundua. Bajeti ya mwaka 2017/18, iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, iliifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, na badala yake ikaongeza shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa. Maana yake gari lililolala nyumbani halidaiwi ada ile. Linalotembea ndilo linalolipa. Kwa hiyo si aibu mtu kuwa na gari na kupanda daladala. (Mafuta ya taa yaliingizwaje katika leseni za magari, mimi sijaelewa mpaka leo. Bibi mwenye koroboi alianza kuchangia gari la jirani yake.)

Mji wetu nao una hila zake. Wako wenzetu wengi wanaoishi juu ya majabali, Igogo, Mabatini, mitaa ya juu ya Isamilo. Baadhi ya milima imepandishiwa barabara za mawe, lakini nyumba nyingi bado hufikiwa kwa njia ya miguu inayopenya kati ya jiwe na jiwe. Huko mtu akinunua gari huliacha bondeni na kumlipa mlinzi kila mwezi. Usiku ukiwa na mgonjwa, bado atateremshwa mgongoni au kwa machela, hatua kwa hatua, gizani. Kwa nyumba ile, ngazi imara na taa mbili tatu za njiani zina faida kuliko gari, na vyote viwili havinunuliwi na mtu mmoja.

Halafu kuna majirani. Gari la kwanza katika mtaa halina mwenyewe. Ni la maharusi, ni la msiba, ni la mjamzito wa nyumba ya tano. Ukikataa mara moja utasikia ile methali ya maskini na matako yake. Ukikubali kila mara, petroli ni yako na shukrani ni za Mungu. Wako walioliuza gari kwa sababu hiyo hiyo. Lakini tukiliangalia vizuri, majirani hao hawana choyo wala tamaa. Wanachotaka ni gari la usiku, kama alilolitaka mwenye gari, ila wao hawakukopa.

Je, gari la usiku linaweza kupatikana bila kila mmoja kununua lake? Jibu liko ng'ambo tu ya ghuba. Wilaya ya Sengerema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuujaribu mpango unaoitwa M-mama. Mjamzito au mama aliyejifungua akipata matatizo, au mtoto mchanga, simu hupigwa bure namba 115. Gari la wagonjwa likikosekana, hutafutwa dereva wa kawaida wa eneo lile aliyekwisha andikishwa, akaamshwa, akambeba mgonjwa, na kulipwa kwa simu ya mkononi. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mpango huo kwa nchi nzima Aprili 2022. Hakuna gari jipya lililonunuliwa kwa dereva yule. Lilikuwepo mtaani siku zote, limelala. Kilichokosekana ni mtu wa kumpigia na uhakika wa malipo.

Nimetaja Sengerema kwa sababu nyingine pia. Kwa miaka mingi pale Kigongo mwenye gari na asiye na gari walikuwa sawa: wote walisubiri kivuko, na mgonjwa wa kwenda Bugando alisubiri nao. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita zile 3 za juu ya maji ni dakika chache tu. Zimekuwa chache kwa mwenye gari na kwa abiria wa basi pia, na hakuna aliyeombwa anunue daraja lake.

M-mama haumchukui mzee mwenye presha, wala mtoto wa miaka mitano mwenye homa. Kwa hao mtaa unaweza kujifanyia wenyewe. Mitaa yetu mingi tayari ina vyama vya kuzikana, vina daftari, vina mweka hazina, na vinajua kudai michango. Familia 20 zikitoa shilingi 3,000 kila moja ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Hizo hupewa dereva wa teksi au bajaji anayelala katika mtaa ule ule, kwa sharti moja: tangi lake lisiwe tupu usiku na simu yake isizimwe. Atakayebebwa atalipa nauli yake kama kawaida. Mtu anatoa 3,000 kwa mwezi kwa kitu ambacho alikuwa karibu kukikopea mamilioni.

Najua yatakayosemwa. Mweka hazina atazila, dereva atakuwa amelewa, wa nyumba ya tano hatatoa. Yote yanaweza kutokea, kama yanavyotokea katika misiba, na bado tunazikana. Msijaribu kuanza na familia 20. Anzeni na nne mnazoaminiana, na kabla ya kikao chochote, mmoja wenu aende kesho jioni kwa dereva yule anayelaza gari lake mtaani kwenu, amwulize yeye angetaka kiasi gani ili aitikie simu saa nane usiku.