Dini ya Mtu Isiwe Kosa Kazini



Kabla ya kuajiriwa na Chama nilikuwa karani katika kampuni moja. Meneja alipanga vikao saa ya sala ya Ijumaa, kisha akaniandikia barua za utoro. Nilidhihakiwa, nikanyamaza, hatimaye nikaacha kazi. Kunyamaza ndiko kulikoniponza.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini yake, na kumnyanyasa kwa sababu hiyo ni ubaguzi. Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Lakini nasi tu waajiri. Ushirika hupokea wanachama bila kubagua dini. Basi karani wa mizani na mlinzi wa ghala nao wasibaguliwe. Ndugu Katibu, itazame upya ratiba yako ya vikao.