Sauna ya Kando ya Ziwa Katika Nchi ya Ufini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika baraza la mwezi)



Nimeombwa na Halmashauri ya chama chetu nieleze habari za safari yangu ya Ufini. Msafiri aliyepewa nusu saa hawezi kusimulia nchi nzima. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, nalo ni sauna, yaani nyumba ya kuogea kwa joto la mawe na mvuke. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, Mfini ukimwuliza ni kitu gani kilicho chake hasa, aghalabu hutaja hicho kabla ya kingine. Ya pili, ndani ya chumba kile naliona jambo liwahusulo watu wa kazi ya Serikali, na hilo nitaliweka mbele yenu mwishoni.

Kwanza nchi yenyewe. Ufini ipo kaskazini ya Ulaya, kati ya Uswidi na Urusi. Watu wake hawafiki milioni sita, na maziwa yake, makubwa kwa madogo, yahesabiwa kuwa karibu 188,000. Sauna zao zakadiriwa kuwa milioni tatu au zaidi. Maana yake ni kwamba wenyeji wote wakitaka kuingia kwa saa moja, nafasi zitabaki. Zimo katika nyumba za watu, katika majumba ya kupanga, katika viwanda, hata katika jengo la Bunge lao. Mwezi wa Desemba 2020 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Mtu asidhani kwamba hii ni anasa ya matajiri. Zamani, mkulima alipofika mahali papya, mara nyingi alijenga sauna kwanza, akaishi humo mpaka nyumba kubwa ilipokwisha. Kwa kuwa ilikuwa na joto na maji ya moto, wanawake walijifungulia humo, na maiti aliogeshwa humo kabla ya kuzikwa. Nyama nayo ilikaushwa humo kwa moshi. Hivyo Mfini wa zamani aliingia duniani kwa mlango wa sauna, na baada ya kufa alitoka kwa mlango ule ule. Ndiyo maana wazee wao husema kwamba katika sauna yapasa mtu akae kama akaavyo kanisani.

Sasa nitawaeleza ile niliyoingia mimi. Ilikuwa mwezi wa Juni, kando ya Saimaa, ziwa lililo kubwa kuliko yote ya nchi ile, lenye visiwa vingi na misitu iliyoshuka mpaka majini. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja, mkuu wa idara katika halmashauri ya mji. Ana kijumba cha mbao msituni, na hatua chache kutoka hapo, karibu kabisa na maji, ipo sauna ya aina ya kale, sauna ya moshi, ambayo wao huiita savusauna.

Sauna ya namna hiyo haina bomba la kutolea moshi. Ndani yapo mawe mengi yaliyorundikwa juu ya jiko. Kuni huwashwa chini yake tangu mchana, na moshi hujaa chumba kizima, ukitokea mlangoni na katika kitundu kilicho karibu na dari. Baada ya saa tano au sita moto huachwa ufe, makaa huondolewa, na mabao ya kukalia huoshwa. Kisha mwenye sauna humwaga maji kidogo juu ya mawe, ili mvuke wa kwanza uisukume nje ile hewa ya sumu ya makaa, na kuiacha nyumba itulie. Kabla ya hapo hamruhusu mtu kuingia, wala hakubali kuharakishwa, kwa maana hewa ile huua nayo haina harufu. Mawe hushika joto mpaka usiku.

Mtu aliyezoea saa za afisi ataona kwamba siku nzima imepotea kwa ajili ya kuoga. Lakini kwao maandalizi ni sehemu ya shughuli, na kila mtu ana lake. Mkuu wa idara alichota maji ziwani kwa ndoo. Fundi wa mabomba wa halmashauri ile ile, aliyealikwa kama mimi, alichanja kuni. Nami nalifundishwa na kijana wa mzee, ambaye alinifasiria maneno yote siku ile, kufunga matita ya vitawi vya koivu, ule mti wa gome jeupe. Kwa vitawi hivyo waogaji hujipiga polepole mabegani na miguuni ili damu ipate kwenda. Watu wa magharibi ya nchi hukiita kifungu hicho vihta, na wa mashariki hukiita vasta, na kila upande huona kwamba neno la mwenziwe si neno.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, bila shaka, wengi wenu mwaliwaza tangu niliposema kuoga. Wafini huingia sauna uchi. Wanaume na wanawake wasio wa jamaa moja huingia kwa zamu, na jioni ile mke wa mzee na binti zake walikuwa wamekwisha kutangulia. Lakini hata kati ya wanaume, ninyi mwajua mambo yetu: kuuona utupu wa mtu aliye sawa na baba yako si jambo dogo, na kwa makabila mengine ni jambo la kutambikiwa. Nalimwambia mwenyeji wangu hivyo waziwazi kabla hatujaingia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwamba sauna haimshurutishi mtu, nivae nilichozoea. Nikajifunga kikoi changu, nikaingia nacho, na hapana aliyenitazama mara mbili. Nayasema haya kwa ajili ya msafiri atakayenifuata, asikimbie kwa haya, wala asidhani kwamba hana budi kuuacha ustaarabu wake mlangoni. Heshima yao haikudai niivue yangu. Tena ndani ni giza. Kuta ni nyeusi kwa masizi, dirisha ni moja na dogo, na mtu humtambua mwenziwe kwa sauti kuliko kwa sura.

Mabao ya kukalia yamepangwa kama ngazi. Joto hupanda juu, kwa hiyo mgeni huwekwa chini na mzoefu hukaa juu, na huo ndio utaratibu wa pekee wa viti uliomo. Joto la sauna ya kawaida huwa kati ya digrii 70 na 100 za sentigredi. Mzee alishika kata, akauliza kama sote tu tayari, ndipo alipomwaga maji juu ya mawe. Mawe hayakupiga kelele, yalivuta pumzi. Punde si punde wimbi la joto likapita juu ya vichwa vyetu, likashuka mgongoni. Wimbi hilo Wafini hulipa jina lake, löyly. Neno hilo ni la kale sana, na zamani maana yake ilikuwa pumzi ya uhai. Katika lugha ya Kihungari, iliyo jamaa ya mbali ya Kifini, neno lililo ndugu yake maana yake ni roho. Aliyepata kufunikwa blanketi juu ya nyungu ya majani alipokuwa na homa atanifahamu upesi. Tofauti ni kwamba hapa hapana mgonjwa, na walio chini ya blanketi ni wengi.

Joto likizidi, watu hutoka na kushuka gatini. Maji ya Saimaa mwezi wa Juni bado ni baridi. Nalijitupa humo nikadhani moyo utasimama. Nikatoka, na mwili wote ukawa mwepesi kama wa mtoto. Tukaketi gatini, mvuke ukitoka mabegani. Saa ilikuwa imepita tano ya usiku, na mbingu ilikuwa bado na nuru, maana majira yale usiku wao hauwi giza. Ndege wa majini alilia mara moja upande wa pili wa ziwa. Hapana aliyesema neno, wala hapana aliyeona kwamba kimya kile kilihitaji kujazwa. Kisha tukarudi ndani. Hivyo mara tatu.

Yafaa niseme na la afya, maana mtaniuliza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufini Mashariki walitangaza habari za wanaume 2,315 wa upande wa Kuopio waliofuatwa kwa muda wa miaka 20 hivi. Walioingia sauna mara nne au zaidi kwa juma walikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko walioingia mara moja. Hiyo si hati ya kwamba sauna ni dawa. Yawezekana mwenye afya ndiye aingiaye zaidi. Tena ina hatari zake. Mwaka 2010, katika mji wa Heinola, palikuwa na mashindano ya dunia ya kustahimili joto la sauna, nalo lilikuwa digrii 110. Mshindani mmoja kutoka Urusi alifariki, na mashindano hayo hayakufanywa tena. Basi mgeni na atoke mara aonapo kizunguzungu, aliyelewa asiingie, na mwenye maradhi ya moyo na amwulize daktari kwanza.

Sasa lile nililoahidi. Katika zamu ya pili, tulipokuwa gizani, yule fundi wa mabomba alianza kusema. Alimwambia mkuu wa idara kwamba mchoro wa mabomba ya shule moja mpya ya mji una kosa. Mabomba yamepangwa kupita juu mno katika ardhi. Majira ya baridi maji yataganda, mabomba yatapasuka, na watoto watakaa bila maji katikati ya theluji. Hakutanguliza utangulizi, wala hakumwita bwana mkubwa. Mchoro huo, Mabwana, ulikuwa na sahihi ya mkuu mwenyewe.

Nilipoyafasiriwa hayo nalishika pumzi yangu. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Akachota maji kwa kata, akauliza kama tu tayari, akamwaga. Mvuke ulipokwisha kupita, akauliza neno moja tu: "Kwa kina gani?" Fundi akamwambia kipimo. Mzee akasema, "Tutaangalia Jumatatu," na mazungumzo yakageuka kuwa ya samaki.

Kijana wake aliniandikia baadaye. Jumatatu ile mzee alimwita fundi afisini, yeye akiwa amevaa tai yake, na fundi akaingia kwa adabu impasayo mtu wa chini. Kila mtu alikuwa amerudi kwenye cheo chake. Lakini mchoro ulibadilishwa kabla ya mchanga kuchimbwa.

Wafini wenyewe waijua nguvu hiyo, na wameitumia hata katika mambo ya mataifa. Mwezi wa Septemba 1960 Rais Kekkonen alitimiza miaka 60, naye Khrushchev, mkuu wa Urusi ya Kisovieti, alikuwa mgeni wake. Yasimuliwa kwamba walikaa sauna mpaka karibu na alfajiri. Mwaka uliofuata Ufini ilipata kuungana na jumuiya ya biashara huria ya Ulaya iitwayo EFTA, jambo ambalo Warusi walikuwa wakilitilia shaka. Sisemi kwamba mvuke ndio uliotia sahihi. Lakini ni vigumu kumtisha mtu mliyetoka jasho pamoja. Tena Bwana Martti Ahtisaari, aliyekuwa balozi wao Dar es Salaam katika miaka ya 1970, baadaye Rais wao, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, atajwa miongoni mwa wapatanishi waliothamini mazungumzo ya sauna.

Wanachama wenzangu, sikuja kuwashauri tujenge sauna. Joto sisi tunalo, wala halituhitaji kuni. Wala sisemi kwamba vyeo viondolewe. Afisi isiyo na mkubwa ni afisi isiyo na wa kuulizwa. Ninalolisema ni hili: mahali ambapo mdogo hana pa kumwambia mkubwa kweli, kosa halifi, hungoja majira yake, nalo likitokea huwapata watu wasiokuwamo katika shauri. Ni karani gani kati yetu asiyepata kupiga chapa barua aliyoijua kuwa ina kosa, kwa kuwa hakuulizwa?

Na hili si geni kwetu. Barazani pa kahawa, na chini ya mwembe penye bao, mzee na kijana hukaa mkeka mmoja, na kijana akimfunga mzee bao hapana aliyevunjiwa heshima. Basi naomba chama kifikiri shauri hili: kila baraza la mwezi litengwe nusu saa ambayo ndani yake hapana atakayeitwa kwa cheo chake, na neno litakalosemwa halitaandikwa katika faili ya mtu. Nao wakubwa watakaohudhuria wakubali sharti moja la yule mzee wa Saimaa, la kunyamaza kwanza, kisha kuuliza, "Kwa kina gani?"