Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Hotuba ya tawi la Nakawa, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa Kamati waliotoka kambini na wafanyakazi wa mashirika, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati,
Ndugu wajumbe mliotoka kambini,
Waheshimiwa wafanyakazi wa mashirika,
Wazee wetu, akina mama na vijana,

Tunajua wengi wenu mmesafiri kwa basi usiku kucha, na wengine mmeacha watoto kwa majirani. Tunawashukuru kwa kuja. Tunawaletea pia salamu za ndugu zetu wa Kinawataka, Banda na Luzira ambao leo hawakuweza kuacha biashara zao, kwa kuwa mkimbizi wa mjini hapangi foleni ya mgao. Siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula.

Tarehe 20 Juni haikuchaguliwa ovyo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969, ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974. Afrika iliikumbuka siku hii kwanza, na tangu mwaka 2001 dunia nzima inaiadhimisha.

Mwenyekiti ametutaka tuzungumze juu ya fedha za ruzuku na ushirikiano na mashirika. Ametutaka kwa sababu Kamati ya kambini iko karibu kutia sahihi mkataba wake wa kwanza wa ruzuku, na sisi wa Nakawa tumekwisha kupita njia hiyo. Hatukusimama hapa kujisifu. Tulijikwaa, na tumeona ni afadhali mjue jiwe liko wapi.

HALI YA FEDHA ILIVYO

Ndugu zetu, tuanze na yale yaliyo juu yetu, ndipo tushuke kwetu.

Mwezi Mei 2016, kwenye mkutano wa dunia wa misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul, nchi wafadhili na mashirika makubwa yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2020 robo ya fedha za misaada ziwafikie wenyeji wa mahali kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika, robo haikufika. Mwezi Juni 2017, hapa hapa Kampala, ulifanyika mkutano wa mshikamano kwa ajili ya wakimbizi. Ziliombwa dola bilioni 2. Ahadi zilizotolewa zilikuwa takriban dola milioni 350.

Mwaka 2018 yakazuka maneno kwamba idadi ya wakimbizi imetiwa chumvi na kwamba misaada inaliwa. Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR wakatuhesabu upya kwa alama za vidole na picha za macho. Waliosimama kwenye foleni zile wanalikumbuka jua lake. Kabla ya zoezi tulisemwa kuwa milioni 1.4, lilipokwisha mwezi Oktoba idadi ilikuwa kama milioni 1.1. Mwaka huo huo wakaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti iliyoonyesha kasoro katika mikataba ya maji ya malori na ya barabara, na vifaa vilivyolala ghalani bila kugawiwa.

Hatulikumbushi jambo hili ili kumnyoshea mtu kidole. Tunalikumbusha kwa sababu waliosimama juani siku zile si wao walioandika hesabu. Daftari likiharibika juu, anayeulizwa kwanza ni mwenye sufuria chini.

Kisha ukaja mwaka 2025. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilifunga shirika lake la misaada, USAID. Mwezi Mei mwaka huo WFP ilisimamisha chakula kwa karibu wakimbizi milioni moja nchini, wakati Uganda ikiwa na wakimbizi zaidi ya milioni 1.8. Kwa hiyo ruzuku mtakayopewa, hata ikiwa ndogo, itatazamwa kwa jicho kali kuliko zamani. Na nyuma yake huenda hakuna nyingine.

JAMBO LILILOTUPATA

Tawi letu lilianza kama kikundi cha kushona nguo chini ya turubali. Baadaye tukasajiliwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kuunda vyama visivyo vya siasa wala vya kutafuta faida. Tukachukua barua ya mwenyekiti wa LC ya kwanza, tukapeleka katiba yetu na muhtasari wa mkutano kwenye ofisi ya Divisheni ya Nakawa. Kisha shirika moja, ambalo hatutalitaja jina, likatupa ruzuku: vyerehani sita, vitambaa na nyuzi, posho ya walimu wawili wa Kiingereza, na kodi ya chumba. Kila kitu kilikuwa na kasma yake.

Mwezi wa nne wa mradi akafariki mwanafunzi wetu mmoja, mama wa watoto watatu. Jamaa zake walikuwa kambini, na gari la kusafirisha maiti haliendi kwa mkopo. Tulikutana usiku ule ule, tukatoa shilingi 650,000 kutoka kasma ya vitambaa. Hakuna aliyepinga. Nani angepinga? Tulisema tutarudisha. Hatukuandika barua kwa shirika. Dereva hakutupa risiti, wala sisi hatukumwomba.

Miezi mitatu baadaye tukatakiwa kufanya marejesho. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akaleta risiti ya vitambaa yenye mhuri, jumla yake shilingi 650,000 kamili. Mjini vitu hivi havikosekani. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima, akaisoma, akaiweka mezani, akasema: "Marehemu tumemzika mara moja. Mimi sitamzika tena ndani ya risiti ya uongo."

Tulibishana hadi usiku wa manane. Wapo waliosema kwamba ukweli utatunyima ruzuku, na wanafunzi arobaini watakosa masomo kwa ajili ya karatasi moja. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na hata leo hatuwezi kuidharau. Mwishowe tukapiga kura, na ukweli ukashinda kwa kura mbili tu.

Tukaandika barua ya kukiri. Shirika likatujibu kwa heshima kwamba gharama hiyo haikubaliki, likaikata kwenye awamu iliyofuata. Walimu wetu wakakaa miezi miwili bila posho. Mmoja aliacha kazi, na hajarudi. Sisi tukashona sare za shule na kuziba pengo kidogo kidogo.

Uchungu zaidi ulikuja baadaye, tulipoketi kuusoma mkataba polepole. Ukurasa wa nne uliruhusu kuhamisha hadi asilimia 10 ya fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine, kwa idhini ya maandishi. Mkataba ule ulikuwa wa Kiingereza, kurasa kumi na nane. Tulitia sahihi ukurasa wa mwisho bila kuusoma wa nne. Huenda kwa mazishi wangetukatalia. Lakini tungeuliza kabla ya kutumia, na swali la kabla halimfanyi mtu mwizi.

Shirika lile lilipofunga ofisi yake, afisa mmoja alituachia barua fupi. Iliandika kwamba vitabu vyetu vinasomeka, na kwamba kosa letu tulilisema wenyewe kabla mkaguzi hajaliona. Barua hiyo ndiyo tuliyoipeleka kwa mshirika wa pili, na ndiyo iliyotufungulia mlango.

MAMBO YA KUSHIKA

Ndugu wajumbe, kutokana na hayo tunawaachia mambo matano.

Kwanza, msitie sahihi mkataba ambao haujasomwa kwa sauti, kifungu kwa kifungu, katika lugha mnayoielewa wote. Afisa akisema muda hakuna, mwambieni kwa adabu kwamba sahihi nayo haina haraka.

Pili, gawanyeni kazi. Anayeomba fedha asiwe anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe anayetunza. Fedha ya kikundi isikae kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, hata kama ni mchungaji au shekhe. Simu ikipotea, au mwenyewe akihamishiwa nchi ya tatu, mtamtafuta wapi?

Tatu, bandikeni hesabu ukutani kila mwisho wa mwezi, kwa Kiswahili: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Kwetu mwezi wa kwanza watu walipita bila kutazama. Mwezi wa tatu mzee mmoja akauliza kwa nini bei ya nyuzi kwenye hesabu inazidi ya sokoni Nakawa. Tukafuatilia, tukakuta kweli tuliuziwa ghali. Swali lile lilitufaa kuliko semina. Na risiti za mashine zipigeni picha siku hiyo hiyo, maana wino wake hufifia.

Nne, wekeni mfuko wa msiba na ugonjwa kando, wa michango yenu wenyewe. Sisi sasa kila mtu hutoa shilingi 1,000 kwa wiki. Msiba hauombi ruhusa, na bajeti ya mfadhili haiujui. Bila mfuko huo, siku moja huruma yenu itaingia kwenye kasma ya watu wengine.

Tano, mkikosea, semeni mapema. Kosa lililosemwa na mwenyewe lina gharama. Lililogunduliwa na mwingine lina gharama na aibu, na aibu hiyo hubebwa na kambi nzima.

KWA NDUGU ZETU WA MASHIRIKA

Waheshimiwa, tumejisema sisi kwanza, kwa hiyo mtatuvumilia tukiwasema na ninyi kidogo.

Mnatuita washirika. Neno hilo ni zuri. Lakini mara nyingi andiko la mradi huja kwetu likiwa limekamilika, tunaulizwa tu majina ya watakaohudhuria. Mshirika huitwa wakati wa kupanga, si wakati wa kubeba viti.

Mfadhili anapowapa sehemu kwa ajili ya gharama za uendeshaji, kumbukeni kwamba nasi tuna kodi ya chumba, umeme, vocha ya simu na boda boda ya kwenda benki. Kikundi kisicholipiwa kodi kitailipa kutoka mahali fulani. Baadaye mkaguzi ataikuta hapo, na ataiita wizi. Mkitulipia gharama halali kwa uwazi, mtakuwa mmeziba nusu ya matundu ya hesabu zetu.

Tena, awamu ya fedha ikichelewa miezi miwili, kwenu ni tarehe kwenye kompyuta. Kwetu ni mwalimu anayeacha darasa. Tunaomba mtuarifu mapema, hata kwa ujumbe mfupi. Na ripoti, tuandikieni fomu moja, na mkubali Kiswahili. Mweka hazina wetu hajui Kiingereza, lakini hajapata kukosea kujumlisha.

KWA WENYEJI WETU

Hatuwezi kumaliza bila kuwataja Waganda tunaoishi nao. Wapo wanaodhani mkimbizi tu ndiye aliyewahi kufungasha vitu vyake usiku. Mwaka 2011 nyumba za zamani za serikali za Nakawa na Naguru zilivunjwa, na familia nyingi zilizokuwa zikikaa humo zikatawanyika. Baadhi yao ni majirani zetu, na wanajua maana ya kuona godoro lako barabarani.

Nchi hii ina utaratibu kwamba katika miradi ya wakimbizi, kadiri ya asilimia 30 ya manufaa iwaendee wenyeji. Sisi hatukuichukua kama kodi ya kulipa. Vyerehani viwili kati ya sita hutumiwa na akina mama Waganda, na mmoja wao ni mtia sahihi wa tatu benki. Pamekuwa na manung'uniko machache tangu hapo, kwa sababu anayeuliza habari za fedha zetu hujibiwa na jirani yake mwenyewe, kwa Kiganda.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tungeongeza kwamba daftari bila ukweli hupoteza hata wale waliokuwa wakituamini. Kalamu mtakayoishika kutia sahihi mkataba huo ni ya watu wote waliobaki kambini leo. Wengi wao hawatauona mkataba wenyewe. Wataona kama darasa limefunguliwa au limefungwa, na kwa hilo watawahukumu.

Tawi la Nakawa liko tayari kumtuma mweka hazina wake kambini wiki mbili, akae na wenu, wafungue daftari pamoja. Nauli yake tumekwisha kuichanga, na risiti ya basi tutaileta.