Aliyechora Jumba Hakuliona Likifunguliwa

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki hii.

Ndugu msikilizaji, siku jengo la umma linapofunguliwa kuna utepe, kuna bendi, kuna mkasi unaong'aa, na kuna mgeni rasmi. Sherehe ikishakwisha, hubaki kibao cha marumaru ukutani chenye jina la mgeni rasmi huyo, ambaye pengine hakukaa humo zaidi ya saa moja. Yule aliyekesha akipanga mahali pa kila nguzo na kila dirisha, mara nyingi hata kutajwa hatajwi.

Leo nataka tumzungumzie mmoja wa watu hao. Jina lake William Hill, msanifu wa majengo aliyefanya kazi katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, wakati wa Malkia Victoria. Kama hujalisikia jina hilo usione haya. Wapo wengi kwao Uingereza wanaopita mbele ya majumba yake kila asubuhi wakienda kazini, na wao pia hawalijui.

Hill hakuanza na majumba makubwa. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwachorea Wamethodisti makanisa, hasa wale wa tawi lililojiita New Connexion, yaani Muungano Mpya. Tawi hilo lilijitenga mwaka 1797 chini ya Alexander Kilham, kwa sababu waumini wa kawaida walitaka kuwa na sauti katika uendeshaji wa kanisa lao, badala ya kuwaachia wahubiri kila kitu. Ndilo alilolitumikia William Booth kabla hajatoka na kwenda kuanzisha kazi iliyokuja kuitwa Jeshi la Wokovu. Na mwaka 1907 tawi hilo liliungana na mengine mawili, moja likiwa ni lile lililomleta mmisionari Thomas Wakefield hapa kwetu, Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Kwa hiyo habari hii si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa.

Sasa tujiulize, makanisa hayo yalijengwaje? Kanisa la Kiingereza, lile la dola, lilikuwa na ardhi na urithi wa karne nyingi. Wamethodisti hawakuwa na hayo. Wao walikuwa wafumaji, wachimba makaa, wenye maduka madogo na mafundi. Walichanga senti kwa senti. Walifanya minada ya vitu vilivyoshonwa na akina mama. Walilipa kodi ya viti, maana familia ilikodi mahali pake pa kukaa kanisani. Zilizopungua walikopa, na wadhamini wakaweka sahihi zao, wakijua kwamba deni lisipolipwa litawaandama wao wenyewe. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na vibaba hivyo ndivyo vilivyojaza miji ya kaskazini makanisa. Serikali ilipohesabu waliokwenda ibadani Jumapili ya tarehe 30 Machi 1851, ilionekana kwamba karibu nusu yao hawakwenda katika kanisa la dola.

Msanifu aliyefanya kazi kwa watu wa namna hiyo alikuwa na mtihani. Mhubiri ndiye kiini cha ibadani yao, kwa hiyo mimbari lazima ionekane na kila mtu, na sauti imfikie hata bibi kizee aliyekaa nyuma kabisa. Hakukuwa na kipaza sauti. Ndiyo maana makanisa mengi ya aina hiyo ni ukumbi mmoja wa mstatili, wenye viti chini na viti vingine juu vikizunguka kuta, na mbele yake uso wa heshima unaotazama barabara. Fedha za urembo zilikuwa chache, basi urembo uliwekwa pale ambapo mji mzima utauona. Hiyo ndiyo shule: kuwakusanya watu wengi mahali pamoja, wasikie, waone, watoke salama, na hesabu isizidi mfuko.

Wakati huohuo miji ya viwanda ilikuwa imeingia katika mashindano ya fahari. Leeds ilitangaza mashindano ya kuchora jumba la mji mwaka 1852, akashinda kijana Cuthbert Brodrick, na Malkia Victoria mwenyewe akaja kulifungua mwaka 1858. Lilikuwa jumba la kutisha kwa uzuri, lenye nguzo ndefu na mnara mkubwa. Lakini kontrakta alifilisika kazi ikiendelea, na gharama ilipanda hadi karibu mara tatu ya ile iliyotajwa mwanzoni. Msikilizaji wangu unayelipa kodi ya jiji, nadhani wimbo huo unaujua.

Hill alikuwa Leedsi hapohapo, na jumba hilo lilisimama mbele ya macho yake. Ilipofika zamu ya Bolton, mji wa pamba wa Lancashire, mchoro wa Hill ndio uliochaguliwa, akashirikiana na George Woodhouse, msanifu wa palepale Bolton. Jumba lilifunguliwa tarehe 5 Juni 1873 na mtoto wa Malkia, Edward, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba. Lina ngazi pana, simba wa mawe, safu ya nguzo, na mnara wa saa unaofika kiasi cha mita 60. Na katikati ya fahari yote hiyo kulikuwa na nini? Ukumbi mkubwa wa kukusanyia watu. Mchoraji wa makanisa alikuwa amerudi kwenye somo lake la kwanza.

Huko kusini, Portsmouth, mji wa manowari, nao ukataka jumba. Hill akawachorea linalofanana sana na lile la Bolton, ila kubwa zaidi. Wapo wanaolicheka jambo hilo, wakisema mtu alijinakili mwenyewe. Mimi nasema, tuangalie pia upande wa mnunuzi. Baraza la mji lililoona jumba limesimama na linatumika lilijua linanunua nini. Mchoro mzuri juu ya karatasi unaweza kudanganya. Jumba lililokwisha kunyeshewa mvua za miaka kumi na zaidi halidanganyi.

Hill hakuiona siku ya Portsmouth. Alifariki mwaka 1889, na jumba lilifunguliwa mwaka uliofuata, Agosti 1890. Mfunguzi? Ni yuleyule Edward. Mwana wa Malkia alifungua majumba mawili ya mtu mmoja, na mara ya pili mwenye kazi alikuwa kaburini.

Lakini hadithi haikuishia kwenye utepe. Januari 1941 ndege za Ujerumani ziliipiga Portsmouth kwa mabomu ya moto, na jumba likateketea ndani lote, zikabaki kuta za nje. Mji ulikuwa umebomoka, watu hawana nyumba, na vita vilipokwisha kila kitu kilikuwa adimu. Ingekuwa rahisi kusema, bomoa, weka kitu kingine cha bei nafuu. Hawakufanya hivyo. Walijenga upya ndani ya kuta zilezile, kwa mapambo machache zaidi, na jumba likafunguliwa tena mwaka 1959. Bolton nayo iliunguliwa ukumbi wake mkuu mwaka 1981, ikaurudisha ukiwa kumbi mbili, badala ya mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, ndugu msikilizaji. Siku ya kufunguliwa kila jengo hupendeza, maana rangi ni mbichi na hotuba ni tamu. Siku ya kulipima jengo la umma ni ile linapoungua. Je, watu wa mji watasema hili ni letu, tuchange tulirudishe? Au watapita kando wakisema hilo lilikuwa la wakubwa, na wakubwa watajua wenyewe?

Watu hurudisha walichokuwa wakikitumia: mahali walipofungia ndoa, waliposikilizia muziki, walipokwenda kupiga kelele mbele ya diwani wao. Waumini wa makanisa yale madogo walilijua hilo tangu mwanzo, kwa kuwa senti zao zilikuwa ndani ya kila tofali. Nasi tunapoletewa mchoro wa jumba jipya, tusiulize tu lina ghorofa ngapi na nani atakata utepe. Tuulize aliyelichora ni nani, deni litamwangukia nani, na yule bibi aliyekaa nyuma kabisa, je, atasikia?