Leseni ya Duka la Chama Mjini Moshi



Chama cha msingi kinapoteremka kutoka migombani ili kufungua duka la pembejeo mjini Moshi, hudhani kwamba maadamu kimekwisha kuandikishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika, mlango umefunguka. Sivyo. Hati ya Mrajis yathibitisha kuwa chama kipo. Ruhusa ya kuuza bidhaa dukani ni jambo jingine, nalo huongozwa na Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972, ambayo imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo.

Sheria hiyo imezigawa biashara katika makundi mawili. Leseni za kundi A, kama zile za kuuza bidhaa nchi za nje, hutolewa na BRELA. Za kundi B, na duka la rejareja limo humo, hutolewa na halmashauri. Kwa duka lililoko Mawenzi, Kiusa au Bondeni, hiyo ni Manispaa ya Moshi.

Siku hizi maombi hupelekwa kwa mfumo wa TAUSI, lakini anayeyapima ni binadamu, yaani Afisa Biashara. Yeye haulizi chama kina umri gani. Hutazama mwombaji ni nani, atauza nini, na atauzia wapi. Hapo ndipo chama hujikwaa. Mkataba wa pango umeandikwa kwa jina la Mwenyekiti, kwa sababu yeye ndiye anayejuana na mwenye nyumba, ilhali namba ya mlipakodi ni ya chama. Mwenyekiti hana hila yoyote. Ni mtu mwema. Lakini karatasi zaonyesha waombaji wawili, na Afisa akilirudisha ombi ametenda haki. Sasa mkataba sharti uandikwe upya, na mwenye nyumba yuko Dar es Salaam. Wiki zapita. Masika yameanza, wanachama wameteremka kwenye mashamba ya tambarare kupanda mahindi, na mbegu wananunua popote, kwa bei ya popote. Hasara hiyo haimo katika kitabu chochote cha hesabu, wala mkaguzi hawezi kuiona.

Neno "pembejeo" nalo ni pana mno. Muuza viuatilifu sharti atambuliwe na TPHPA, na muuza mbegu na TOSCI. Katibu aanze na hizo kabla ya kugusa fomu ya leseni.

Tena leseni ni ya mahali. Chama kikifungua tawi karibu na soko la Mbuyuni, leseni ya duka la kwanza haitoshi. Kila duka lahitaji yake.

Ombi likichelewa, wapo wanaosema mara moja kuwa linangoja chai. Pengine linangoja karatasi tu. Ada hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, haiwekwi mkononi mwa mtu. Na anayeombwa chai kwelikweli, ofisi ya TAKUKURU ipo hapa hapa Moshi. Ombi likikataliwa, katibu asirudi na jibu la mdomo. Aombe sababu kwa maandishi, aisome mbele ya Bodi, na iingizwe katika kumbukumbu za kikao.

Duka linalotakiwa kufunguliwa mwezi wa Machi, mkataba wake wa pango utiwe sahihi kwa jina la chama kabla ya Desemba.